Nilipe ada ya 450,000, nijisomee, au nikajitolee? Naomba ulinganisho wa kuingia kwenye masoko ya mtandaoni (nipo Dodoma)

Kijana wa Nkuhungu

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninataka kuifanya kazi ya masoko ya mtandaoni, yaani kutangaza na kuuza bidhaa kwa njia ya mtandao, iwe ndiyo riziki yangu, na nimebakiwa na siku tano za kuamua pa kuanzia. Kuna mafunzo ya miezi mitatu yanayotolewa kwa njia ya mtandao na mwalimu aliyeko Dar es Salaam. Ada ni 650,000, lakini atakayelipa kabla ya Ijumaa saa sita usiku atalipa 450,000, na mwishoni kuna cheti. Njia ya pili ni kujisomea kozi za bure za Google, Meta (wenye Facebook, Instagram na WhatsApp) na HubSpot (kampuni ya programu za masoko), na fedha hiyo niitumie kwa bando na mahitaji mengine. Njia ya tatu ni kujitolea bila malipo katika ofisi ndogo ya matangazo iliyoko Area C, ambako wameniambia ninaweza kuanza Jumatatu. Naomba wenye uzoefu wanilinganishie, kwa sababu fedha niliyonayo ni hiyo hiyo.

Shangazi Ipagala

Mwanangu, umeleta mada nusu. Hujasema kama una kompyuta, hujasema Kiingereza chako kikoje wakati kozi zote za bure ulizozitaja hazipo kwa Kiswahili, hujasema una saa ngapi kwa siku, na kubwa kuliko yote hujasema kama unataka kuajiriwa au kujiajiri. Anayetafuta ajira ataulizwa cheti hata kama hakimsaidii kitu. Anayetafuta wateja wake mwenyewe hataulizwa cheti hata siku moja, ataulizwa amemuuzia nani. Tujibu kwanza hayo, vinginevyo kila mtu hapa atakushauri yale aliyoyafanya yeye.

Fundi Matangazo

Shangazi ameuliza ya msingi, lakini nitatangulia kujibu kwa sababu yapo mambo ambayo majibu yako hayatayabadilisha. Kozi za Google za Skillshop, yaani tovuti yao ya mafunzo, ni za bure pamoja na mitihani yake: unatakiwa kupata asilimia 80, ukishindwa unarudia baadaye, na cheti kinadumu mwaka mmoja kisha unafanya tena. Kwa upande wa Meta, masomo ya Blueprint, yaani mafunzo yao ya mtandaoni, ni ya bure, ila mitihani ya vyeti hulipiwa. Kwa hiyo sioni nadharia ipi inayostahili laki nne na nusu. Kinachokosekana katika kozi hizo ni fedha ya kujaribia, kwa maana hakuna aliyejua kuendesha bodaboda kwa kukaa nyuma.

Ushauri wangu ni huu: tenga 150,000 kwa bando, na 300,000 iliyobaki uitumie kwa matangazo ya 5,000 kwa siku, ambayo itakupeleka siku sitini. Zingatia jambo moja ambalo wengi hulijua baada ya kuliwa fedha. Mfumo wa Meta huhitaji takribani matokeo 50, yaani watu waliofanya ulichokiagiza, kwa wiki katika kila kundi la matangazo ndipo utulie na kujua wa kumwonyesha. Ukiuagiza ukutafutie wanunuzi kwa 5,000 kwa siku, hutaifikia hiyo 50 na tangazo litabaki linapapasa gizani. Uagize kitu chepesi zaidi, yaani watu wa kukuandikia WhatsApp, halafu kuuza umalizie kwa mdomo wako mwenyewe.

Miche Makutupora

Ninapingana na Fundi, kwa heshima. Sisi wa Dodoma tunaelewa maji ya boza: likimaliza kumimina linaondoka, na ukitaka tena unalipa tena. Tangazo la kulipia ndivyo lilivyo. Makala inayopatikana watu wanapotafuta Google ni kisima. Kuchimba kunachosha, lakini ukifika majini unachota hata ukiwa umelala.

Mimi ninauza miche ya zabibu. Mwaka 2021 nilianza kuandika kwa Kiswahili kwenye tovuti yangu kuhusu nafasi ya kupandia, kupogolea, ugonjwa wa ubwiri unga, na sababu ya zabibu yetu kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Miezi saba ya mwanzo sikupata hata simu moja na mke wangu aliniuliza, kwa upole, kama ninaandika shajara. Kilichonisaidia ni Search Console ya Google, ambayo ni ya bure na inakuonyesha maneno yale yale ambayo watu waliyaandika kabla ya kufika kwako. Niligundua kuwa hakuna anayetafuta «kilimo bora cha zabibu» kama nilivyoandika mimi. Watu huuliza «zabibu inachukua muda gani kuzaa». Nilibadilisha vichwa vya makala, na mwezi wa nane simu zikaanza kuita. Kwa Kiingereza ningekuwa ninashindana na dunia nzima. Kwa Kiswahili yapo maswali mengi ambayo bado hayana aliyeyajibu vizuri.

Mpita Njia Kisasa

Naomba mnivumilie, nitaandika kwa kirefu, kwa sababu mleta mada amesimama mahali pale pale niliposimama mimi.

Mwishoni mwa mwaka 2023 nililipa ada inayokaribiana na hiyo kwa mwalimu ambaye sitamtaja. Tuliwekwa katika kundi la WhatsApp la watu zaidi ya mia moja, na «darasa» likawa ni video zilizorekodiwa zamani. Somo zima la takwimu za tovuti lilifundishwa kwa toleo la zamani la Google Analytics, ambalo Google yenyewe ilikuwa imeliachisha kukusanya takwimu tangu tarehe 1 Julai mwaka huo huo. Nilikesha usiku mmoja nikitafuta vitufe ambavyo havipo, nikidhani mjinga ni mimi. Nilipouliza, niliambiwa maswali huulizwa Alhamisi. Alhamisi ilipofika, mwalimu alikuwa na dharura. Cheti nilipewa. Kina muhuri wa rangi ya dhahabu na kipo kwenye fremu sebuleni.

Kwa cheti hicho nilimpata mteja, dalali wa viwanja vya Iyumbu na Nzuguni, akanikabidhi 400,000 ya matangazo. Nilibonyeza kitufe cha kukuza chapisho kama tulivyofundishwa, nikachagua Tanzania nzima kwa kuwa video ilisema hadhira pana ni nafuu. Ndani ya siku kumi maoni yalimiminika kiasi kwamba dalali alinipigia simu kunishukuru. Kisha tukakaa chini kuyasoma. Karibu yote yalikuwa neno moja, «bei?», na waliojibiwa bei hawakurudi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuona kiwanja. Dalali aliniuliza swali moja tu: «Kati ya hawa, nani ana nauli ya kufika Dodoma?» Sikuwa na jibu. Nilimrejeshea laki mbili kwa awamu nne kutoka katika mshahara wangu wa dukani, na hadi leo nikimwona maeneo ya Sabasaba ninavuka barabara.

Kwa hiyo simshauri mtu alipe ada, lakini simshauri pia aanze na fedha ya mteja.

Fundi Matangazo

Pole sana ndugu yangu, ila lawama umeipeleka kusikohusika. Viwanja vya Dodoma hununuliwa na watu walioko Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, hasa tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku, kwa hiyo kutangaza nchi nzima hakukuwa wazimu. Kosa lilikuwa kuficha bei. Ungeandika bei, ukubwa wa kiwanja kwa mita za mraba na kama kina hati, wale wa «bei?» wengi wangejiondoa wenyewe kabla hawajakugharimu.

Mpita Njia Kisasa

Unasema hivyo kwa sababu hujawahi kufanya kazi na dalali. Alikataa katakata bei isiandikwe. Alisema bei huzungumzwa uso kwa uso, na kwamba mteja akiiona mapema hukimbia.

Fundi Matangazo

Anayekimbia kwa kuiona bei alikuwa akimbie tu. Heri akimbie bure kuliko akimbie baada ya kutumia saa nzima ya muda wako kwenye WhatsApp.

Shangazi Ipagala

Ninyi wawili mnabishana kama wauzaji. Mimi ni mnunuzi, nami nawaambia kuwa tangazo lisilo na bei ninalipita kama ninavyoipita nyama isiyoning'inizwa. Lakini pia nimeshawahi kuandika «bei?» mahali ambapo bei ilikuwa imeandikwa, kwa sababu sikusoma. Turudi kwa kijana, ambaye mpaka sasa hajajibu hata swali moja.

Bando Tele

Mnamchosha kijana kwa nadharia. Mimi nina orodha ya namba za simu zaidi ya elfu nane za wakazi wa Dodoma, ninauza kwa elfu thelathini. Anunue, awatumie wote ujumbe WhatsApp, aone kama kesho hatauza.

Karani wa Mtumba

Ndugu Bando Tele, unachokiuza hapa hadharani kina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika mwaka 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Namba ya simu ya mtu ni taarifa yake, na kuikusanya kwa shughuli moja kisha kuiuza kwa nyingine bila ridhaa yake si jambo la kutania. Hata ukiiweka sheria kando, mbinu yenyewe ni mbovu: orodha ya matangazo katika programu ya WhatsApp hupokea watu 256 tu kwa wakati mmoja, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako katika simu yake. Hao elfu nane hawakujui.

Bando Tele

Nimeifuta bei. Orodha ninayo lakini siiuzi tena.

Kijana wa Nkuhungu

Samahanini kwa kuchelewa, umeme ulikatika. Shangazi, haya ndiyo majibu. Kompyuta mpakato ninayo, ila betri imekufa, hivyo hufanya kazi ikiwa kwenye umeme tu. Kiingereza ninasoma na kuelewa, kuandika ni kwa shida. Muda wangu ni saa mbili usiku hadi saa tano, kwa kuwa mchana nipo dukani kwa mtu, steshenari. Sina kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni. Kuhusu kuajiriwa au kujiajiri, kusema kweli nilikuwa sijatofautisha.

Jambo ambalo sikulisema ni kwamba mama yangu mdogo anakamua mafuta ya alizeti Kizota na huuza madumu kwa watu wanaopita tu. Nilidhani halihusiani na mada.

Shangazi Ipagala

Mchana upo dukani kwa mtu, kisha ofisi ya Area C utakwenda saa ngapi? Njia yako ya tatu haikuwepo tangu mwanzo, mwanangu. Au ulikusudia kuacha kazi inayokulisha ukajitolee?

Miche Makutupora

Halihusiani? Hilo la Kizota ndilo la kwanza. Mweke mama mdogo kwenye ramani ya Google, ni bure. Weka picha za kinu na saa za kazi, na waombe wanaonunua leo waandike maoni. Mtu akitafuta «mafuta ya alizeti Dodoma» akuone. Usimwahidi kitu, mwambie unajifunza.

Fundi Matangazo

Kwa mara ya kwanza ninakubaliana na Miche. Ukifika kwenye matangazo ya kulipia, kadi isikusumbue, mitandao ya simu ina kadi za mtandaoni unazoziwekea salio kutoka kwenye akaunti yako ya pesa za simu. Ila jaza kiasi cha siku chache tu, usiweke laki tatu zote kwa pamoja, kwa sababu tangazo lililosahaulika hula hadi salio liishe.

Na kabla hujamlipa mwalimu huyo, fungua Maktaba ya Matangazo ya Meta, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitazama, uandike jina la ukurasa wake. Utaona matangazo anayoyaendesha sasa hivi. Kama yote ni ya kuuza kozi na hakuna bidhaa nyingine anayoitangaza, utajua riziki yake inatoka wapi.

Karani wa Mtumba

Nitamtetea mwalimu kidogo. Wapo watu ambao bila kulipa hawasomi. Mimi nilianza kozi tatu za bure na sikumaliza hata moja. Niliyoilipia nilimaliza, kwa uchungu wa fedha yangu. Baada ya kutwa nzima dukani, kijana ajiulize kama saa tatu usiku atafungua kozi au atafungua video za mpira.

Mpita Njia Kisasa

Hilo la Karani ni kweli na linaniuma. Lakini uchungu wa fedha unaweza kununuliwa kwa bei ndogo kuliko 450,000. Betri mpya, kwa mfano.

Kijana wa Nkuhungu

Nimeangalia hiyo Maktaba. Mwalimu ana matangazo kumi na moja, yote ni ya kozi. Wakati ninaandika hapa nimepokea ujumbe kutoka kwao kwamba kutokana na maombi ya wengi, punguzo lililokuwa liishe Ijumaa limesogezwa hadi Jumatatu. Sijui niwajibu nini. Mama mdogo naye amesema picha nikapige, ila kwanza afagie.

Fundi Matangazo

Ukipenda, utuwekee hapa ujumbe huo neno kwa neno, ukiondoa majina. Nataka kuona walivyouandika.

Mgeni Kondoa

Habari za humu. Nimesoma yote tangu mwanzo. Hiyo miche ya zabibu bei gani, na mnafikisha Kondoa?