Peugeot 504 za zamani zimeenda wapi?

Mtoto wa Naks: Wazee, kuna mtu bado anajua yadi ya skrepa yenye 504 ndani? Kitambo pale Nakuru ungezikuta zimepangwa kwenye nyasi, milango imeng'olewa, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na sisi watoto tunapigania nani akae kwa usukani. Siku hizi napita naona Toyota Probox zilizogongwa tu.

Spana 17: Zimekatwa kitambo bro. Bei ya chuma chakavu ilipopanda watu wakaja na gesi ya kukatia wakapima kwa kilo, bodi nzima inaenda kuyeyushwa iwe nondo, na kusema ukweli inauma kwa sababu ile gari ilishinda Safari Rally 1975 na tena 1978. Jaribu Grogan, pale kwa wauza spea Kirinyaga Road Nairobi, uliza wazee sio vijana, unaweza pata hata taa.

Mama Wawili: Baba yangu alikuwa dereva wa zile steshenwageni za kwenda Kisumu, gia iko pale kwa usukani, viti safu tatu na tunabanana kama omena. Harufu ya petroli na viti vya rexine vikishika jua, weh!

Mtoto wa Naks: @Spana asante, nataka tu grili na ile nembo ya simba, nitundike sebuleni.

Spana 17: Simba ndiyo huibiwa kwanza 😂 Grili utapata, lakini angalia isiwe imeoza kutu nyuma wakakupakia rangi.