Naomba ushauri: kulima anisi kibiashara

Wakuu, naomba ushauri kwa waliowahi kulima anisi (kiungo cha mbegu zenye harufu nzuri) kama zao la biashara. Najua inataka miezi minne hivi au zaidi bila baridi kali wala maji kutuama, na mbegu hupandwa moja kwa moja shambani maana mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa. Kinachonisumbua ni uvunaji. Vishada vya mbegu haviivi pamoja: cha katikati kimeshageuka rangi ya kijivu, vya pembeni bado kijani, na ukichelewa mbegu zinapukutika. Mnakata shina zima na kuanika, au mnavuna kwa awamu? Halafu soko. Viwanda vinapata anetholi hiyohiyo (kemikali inayoipa anisi harufu na ladha yake) kutoka anisi-nyota (mti tofauti kabisa, hata si ukoo mmoja). Je, niachane na soko la mafuta ya anisi, niwalenge wauza viungo tu?