Uvimbe mgumu chini ya taya pande zote mbili: nisubiri ulainike ndipo nipasue?

Interni_Chunya
Habari za kazi wakubwa. Mtu mzima, gego la chini limeoza, chini ya taya pamevimba kulia na kushoto, pagumu kama ubao. Mdomo unafunguka upana wa kidole kimoja, mate yanamdondoka. Oksijeni 96. Bingwa wa kinywa yuko Mbeya mjini. Nianze na nini kabla gari halijaondoka? Na kupasua, nisubiri ulainike?

Gego_la_Nane
Mchukulie kuwa ana Ludwig (maambukizi ya sakafu ya kinywa yanayosambaa haraka chini ya taya), dokta. Hiyo 96 isikutulize. Oksimita (kipimo cha oksijeni cha kidoleni) huchelewa kushuka, wakati huo mgonjwa ameshachoka kupambana na pumzi. Tazama ulimi. Ukiona umesukumwa juu hadi kaakaani, anaongea kama mwenye tonge la moto mdomoni na hataki kulala, njia ya hewa inaziba.

Akae wima, hata ndani ya gari. Diazepamu usimpe kabisa! Anahangaika kwa kukosa hewa. Ukimlegeza, ulimi unarudi nyuma na unampoteza.

Oksijeni, kanula kubwa, dripu (wengi wanafika hawajameza kitu siku mbili). Uliza mzio, kisha seftriaksoni 1 g na metronidazoli 500 mg kwenye mshipa. Metronidazoli inarudiwa kila saa 8. Deksamethasoni 8 mg husaidia uvimbe, ila pima sukari kwanza, maana itaipandisha. Pima na VVU.

Usingizi_Iringa
Naongezea upande wa hewa. Akianza kukoroma wakati wa kuvuta pumzi, asisafirishwe hivyo. Njia ya hewa ishikwe hapo hapo. Dawa ya kupooza misuli kwa mdomo usiofunguka ni hatari: mpira wa kupumulia haupiti, na barakoa haisukumi hewa. Aingiziwe mpira akiwa macho, seti ya kutoboa koo ikiwa imeshafunguliwa na shingo imeshawekewa alama. Wa kumsindikiza awe anayeweza kutoboa koo. Wapigieni Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, kabla ya kuondoka, wakute chumba cha upasuaji kiko tayari.

Interni_Chunya
Asanteni sana. Na kupasua?

Gego_la_Nane
Usisubiri ulainike, hapo ndipo wagonjwa wanapotuponyoka. Ludwig ni tishu iliyovimba na kukaza, usaha mara nyingi ni kidogo. Unapasua ili kushusha shinikizo. Ukipata maji ya damu yenye harufu, hujakosea mahali.

Chale ya sentimita 2, vidole viwili chini ya ukingo wa taya. Ukipanda juu zaidi utakata mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na mdomo utapinda. Kisu kinaishia kwenye ngozi na msuli mwembamba wa shingo. Kutoka hapo ni koleo butu: liingie limefungwa, lifunguke ndani, litoke likiwa wazi, usilifunge ndani usiloliona. Elekea upande wa ndani wa taya, toboa msuli wa sakafu ya kinywa ufike chini ya ulimi. Fanya pande zote mbili na chini ya kidevu.

Osha kwa salaini, weka dreni ya kutolea majimaji (hata kipande cha glavu safi ya upasuaji), ishone kwa uzi wa hariri 3/0, bila hivyo asubuhi utaikuta kwenye bandeji. Na gego ling'olewe hapo hapo kama mdomo unaruhusu. Likibaki, uvimbe unarudi.

Interni_Chunya
Ganzi ya lignokeini itatosha?

Usingizi_Iringa
Kwenye tishu yenye maambukizi inashika kidogo, kwa sababu ya asidi. Ichome kwenye ngozi tu, ya 2% yenye adrenalini, isizidi mg 7 kwa kilo.