Skrubu ya taya ya chaki imekwama na tundu lake limelika, nifanyeje?

MkerezajiNgongRoad

Hamjambo mafundi. Naomba msaada, na nitaeleza yote ili mtu asinijibu juu juu.

Nina kibanda cha kukereza mbao kando ya Ngong Road, karibu na Dagoretti Corner. Mashine yangu ni ya mitumba. Chaki yake, yaani kile kichwa kinachoshika mbao, ina taya nne, na kila taya imefungwa kwa skrubu mbili. Ni skrubu za M6, yaani za unene wa milimita 6, zenye kichwa kilichozama, za kufunguliwa na alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4. Nimepata oda ya bakuli 12 kubwa za mjakaranda, na taya ndogo nilizonazo haziwezi kushika kitako cha bakuli la ukubwa huo. Basi nikaamua kubadilisha taya, mara ya kwanza tangu nilipoinunua hii chaki miaka mitatu iliyopita.

Skrubu saba zilitoka. Ya nane, kwenye taya nambari 3, imekataa. Nilitumia alenki yenye ncha ya mviringo kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, na hapo ndipo nilipokosea. Niliisikia mkononi kabla ya sikio: ikalegea kidogo kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, halafu ikateleza. Nilipoichomoa ncha ilikuwa na unywele wa chuma unaong'aa, na lile tundu la pembe sita sasa ni kama duara.

Nimeiloweka kwenye dizeli usiku kucha, hakuna kitu. Nimegundisha alenki kwa gundi ya haraka, ikabanduka. Jirani yangu anayechomelea mageti anasema aweke nati juu aichomelee, tena chaki ikiwa papo hapo kwenye mashine. Mwingine ananiambia nirudishe zile saba niendelee na kazi ndogo ndogo. Chaki mpya siwezi kununua mwezi huu. Hii ndiyo inayolipa kodi ya kibanda na karo ya mtoto, kwa hiyo sitaki kubahatisha.

Kijana_wa_Burma

Pole sana dada. Kabla ya kingine chochote, chukua sindano nene ukwangue ndani ya hilo tundu mpaka chini kabisa. Vumbi la mbao likichanganyika na utomvu hugandamana kama simiti, na alenki haifiki mwisho. Wengi huharibu skrubu kwa sababu hiyo tu.

Kisha tafuta biti ya nyota, T27. Ncha yake ni kama milimita 5, yaani imelizidi kidogo tundu la 4 lililolika. Ipigilie kwa nyundo iingie kwa nguvu, meno yake yatajikatia njia. Ukiwa na ile dawa ya kusagia valvu za injini, paka kidogo kwenye ncha, chembechembe zake huzuia kuteleza. Ukianza kuzungusha, jaribu kwanza kukaza kidogo sana, ndipo ulegeze.

Seremala_Gikomba

Dada, usimruhusu jirani yako achomelee chaki ikiwa kwenye mashine. Umeme wa kuchomelea utapita kwenye beringi za spindeli, ule mhimili unaozungusha chaki, na kuziacha na vidonda, na beringi za mashine ya mitumba utazitafuta mpaka uchoke. Kama ni lazima kuchomelea, toa chaki kwanza.

Na mtu asikuuzie ile biti ya kung'olea skrubu, ile nyembamba yenye meno ya kuzunguka kinyume. Kwenye M6 ni nyembamba mno. Mimi ilinivunjikia ndani ya skrubu mwaka jana. Chuma chake ni kigumu kiasi kwamba biti ya kawaida haikitoboi, inateleza juu yake tu. Nilikuwa na shida moja nikaondoka na mbili.

Kuhusu kufanya kazi na skrubu saba, hapana. Taya ikichomoka na bakuli linazunguka mbele ya uso wako, hakuna oda inayolipa hiyo.

MkerezajiNgongRoad

Asanteni. Kaka wa Burma, T27 nimejaribu leo asubuhi. Iliingia vizuri, nikapata kama robo ya robo ya mzunguko, nikafurahi, kisha ikakata kingo zote na sasa tundu ni duara kabisa. Hakuna pa kushika tena.

MzeeWaLeidhi

Binti, usikate tamaa. Hiyo robo ya robo inaweza kuwa chuma kilichojipinda tu, lakini haidhuru. Mimi nimekaa kwenye leidhi, mashine za kukereza chuma, huku Kariobangi tangu nikiwa kijana, na skrubu za namna hii nimetoa nyingi. Unapigana na kichwa cha skrubu, na kichwa ndicho kinachokushinda. Kiondoe.

Tazama jinsi ilivyo. Kichwa kimebana taya, na taya imevuta skrubu kwa nguvu kama kamba iliyokazwa. Nguvu hiyo ndiyo inayobana nyuzi za skrubu. Kichwa kikiondoka, taya inaachia, mvuto unakwisha, na mara nyingi kisiki kinachobaki hutoka kwa koleo tu.

Fanya hivi. Toa chaki kwenye spindeli. Fungua taya na ufunguo wake mpaka mwisho, uendelee kufungua, reli zinazobeba taya zitatoka zenyewe kwenye mwili wa chaki. Chaki nyingine zina pini ndogo ya kuzuia, itoe kwanza. Sasa utakuwa na reli nambari 3 mkononi pamoja na taya yake, kipande kidogo unachoweza kukibana kwenye jiliwa bila kuhatarisha chaki nzima. Kumbuka kila reli ina namba na kila mfereji una namba. Ukirudisha anza na 1, kisha 2, 3, 4, la sivyo taya hazitakutana katikati.

Halafu drili. Lile tundu lililolika ndilo litakaloongoza biti, hata alama ya kati huhitaji kupiga. Anza na biti ya milimita 6, umalizie na 6.5. Kichwa cha M6 cha aina hiyo kina kimo cha milimita 3 na kitu, kwa hiyo usizame sana. Skrubu hizi ni chuma kigumu, tumia biti ya kobalti, mwendo wa chini kabisa, mafuta ya kukatia, na mkono mzito. Biti ikizunguka bila kukata, inaunguza tu na kukifanya chuma kiwe kigumu zaidi.

MkerezajiNgongRoad

Shikamoo mzee. Nimekuelewa vizuri. Lakini mimi nina drili ya mkono tu.

MzeeWaLeidhi

Marahaba. Kwa mkono usijaribu, itayumba na kula taya. Tafuta drili ya kusimama, karibu kila karakana ya chuma inayo. Vaa miwani, na usivae glavu. Biti huzivuta na kidole kikafuata.

Ukishatoa taya, pasha kisiki moto kwa tochi ya gesi. Kabla ya hapo pangusa dizeli yote, na kama ulitumia asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, iache ikauke kabisa, isikulipukie. Usifike wekundu. Chuma kikianza rangi ya majani makavu, inatosha. Hapo gusisha mshumaa kwenye mzizi wa kisiki, nta itanyonywa ndani ya nyuzi. Subiri kidogo, kisha koleo la kujifunga, mwendo wa taratibu, mbele na nyuma.

MkerezajiNgongRoad

Nimerudi, na imetoka.

Jumamosi nilifunga reli kwenye gazeti nikapanda matatu mbili hadi kwenye karakana moja yenye drili ya kusimama. Fundi wa pale aliniacha nifanye mwenyewe, alisimama tu kando akitia mafuta kwa kopo. Dakika chache za kwanza zilitoka chembe kama unga, nikaogopa. Nikaongeza uzito mkononi, na hapo zikaanza kutoka nywele ndefu za chuma zenye rangi ya samawati. Kisha mlio ukabadilika, na kichwa cha skrubu kikapanda kwenye biti kama pete kwenye kidole. Taya niliigonga mara mbili kwa nyundo ya mbao, ikaachia.

Chini yake ndipo nilipoona nililokuwa silijui. Kulikuwa na utandu mwembamba, mgumu, unaong'aa kahawia, kuzunguka kile kisiki kilichochomoza kama milimita 5. Nikaukwaruza kwa kucha, haukukwaruzika. Nikaunusa nilipoupasha moto, macho yakaniwasha, nikaujua papo hapo: gundi ya haraka. Mimi huitumia kujaza nyufa za mjakaranda mbao ikiwa bado kwenye chaki. Imekuwa ikitiririka miaka yote hii, ikapita kando ya taya, ikaingia kwenye nyuzi pamoja na vumbi. Kutu haikuwepo hata kidogo. Dizeli isingefanya kitu hata ningeloweka mwezi mzima.

Moto ndio ulioimaliza. Nta iliponyonywa nikashika kwa koleo, nikavuta kidogo, kisiki kikazunguka laini kabisa, kwa vidole karibu. Mzee, nilipiga kelele karakana nzima ikageuka. Nyuzi za reli nimezisafisha kwa tapo (kifaa cha kukatia nyuzi) ya M6 na ziko nzima.

MzeeWaLeidhi

Vizuri sana binti. Gundi hiyo huogopa moto, na asetoni huilainisha polepole. Ukijaza ufa tena, funika vichwa vya skrubu kwa utepe wa karatasi. Na usirudishe zile saba za zamani, nunua mpya zote nane, za daraja la 12.9, yaani za chuma imara sana. Alenki iwe ya ncha bapa, mpya. Paka nyuzi grisi ya shaba, kidogo tu.

MkerezajiNgongRoad

Nimezipata leo Kirinyaga Road, lakini zina urefu wa milimita 20. Za zamani nilipima ni 16. Za 16 za daraja hilo hakuna aliyekuwa nazo. Nizitumie hivyo hivyo?

MzeeWaLeidhi

Hapana. Zitatokeza upande wa pili wa reli na kukwaruza sahani ya ndani inayosogeza taya, chaki itakuwa nzito au igande kabisa. Zikate. Kabla ya kukata, zungushia nati kwenye kila moja mpaka karibu na kichwa. Kata kwa grainda milimita 4, chovya kwenye maji mara kwa mara isipate moto, kisha lainisha ncha kwa tupa. Nati ukiitoa itanyoosha uzi wa mwisho uliokatwa. Jaribu kila skrubu kwa vidole kwenye reli yake kabla hujarudisha taya. Ikiingia kwa vidole mpaka mwisho, iko sawa.

MkerezajiNgongRoad

Sawa mzee. Nati ninazo. Naanza na ya taya nambari 3.