MREJESHO: Niwinde wapi kulungu kwenye msitu wa umma?

Wakuu, mwezi wa nane niliuliza nianzie wapi kutafuta kulungu kwenye Allegheny National Forest, huku Pennsylvania. Msitu una zaidi ya ekari 500,000, na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania kona ya karibu na maegesho kwa sababu tu nilikuta nyayo. Mkanicheka. Mkasema nifungue ramani ya kontua, ile yenye mistari ya miinuko na mabonde, nitafute pale mgongo wa kilima unapobonyea, kisha nitembee.

Nimetembea. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba nilirudi na matope tu. Ya pili, kama maili moja na nusu kutoka barabarani, nikafika kwenye mbonyeo wenyewe. Mialoni myeupe imemwaga matunda chini, kinyesi bado kinang'aa, na mti mchanga umechunwa gome kwa pembe, utomvu haujakauka. Nikaweka alama, nikaondoka kimyakimya.

Siku ya kufungua msimu wa bunduki, maegesho yalijaa magari. Kule juu nilikuwa peke yangu, kizibao cha chungwa kifuani, upepo ukinipiga usoni. Saa mbili na nusu asubuhi wakapita majike wawili, nyuma yao dume. Nikahesabu ncha tatu za pembe upande mmoja, ndipo nikafyatua.

Kumtoa sasa! Saa nne za kuburuta, mikono imechubuka. Yule aliyeniambia kamba inatosha, nina neno naye.