Programu gani niweke kwenye mashine ya steshenari kabla sijavuka Nansio?

Mvukaji_Nansio

Wakuu, habari za jioni. Nachukua kompyuta mpakato iliyotumika hapa Mwanza mjini, ya kuanzia steshenari ndogo Nansio. Ni Core i5 kizazi cha 6, RAM GB 4, diski ya kuzunguka GB 500, na ina Windows 10. Printa ni Epson L3210. Kazi zenyewe: kutaipu barua na CV, kuprinti PDF zinazokuja kwa flashi au WhatsApp, kuskani vyeti, picha za pasipoti, na mara mojamoja kufungua zip za wanafunzi.

Kule kisiwani nitatumia bando la simu, kwa hiyo nataka kushusha kila kitu hapa mjini kwenye Wi-Fi, nibebe kwenye flashi, nisakinishe hata mtandao usipokuwepo. Muuzaji anasema atanijazia "programu zote" kwa elfu kumi na tano. Nimpe? Na zipi ni za lazima?

Fundi_Makoroboi

Mkuu, hiyo elfu kumi na tano nunulia karatasi. "Programu zote" za wauzaji huwa ni folda moja inayohama flashi hadi flashi: Office iliyovunjwa kufuli, antivairasi mbili zinazogombania mashine moja, na kile kiprogramu cha kuamsha leseni ambacho kabla hakijaingia kinakutaka uzime Defender, antivairasi ya Windows yenyewe. Ukishaizima, huna tena wa kukuambia kimeingia na nini.

Kwa kuwa utasakinisha bila mtandao, angalia sana aina ya kisakinishi. Ukibonyeza kile kitufe kikubwa kwenye ukurasa wa Chrome unapewa faili ya MB chache ambayo ukiifungua ndipo inaanza kuvuta mzigo wenyewe mtandaoni. Ukifika nayo Nansio bila bando haina kazi. Tumia anwani google.com/chrome/?standalone=1 upate kifurushi kizima. Firefox nayo ndivyo ilivyo: pitia mozilla.org/firefox/all, chagua Windows ya 64-bit. Kivinjari kizima hakiwezi kuwa na MB 2, kwa hiyo ukubwa wa faili utakuambia. Isipokuwa 7-Zip, hiyo ina takriban MB moja na nusu na ni nzima kabisa. Ichukue 7-zip.org, yenye kistari katikati, maana kuna kurasa za jina la kufanana. 7-Zip haijisasishi yenyewe, kwa hiyo chukua toleo la sasa, usikubali la kwenye flashi ya mtu. Matoleo ya kabla ya 24.09 yalikuwa na tundu la usalama lililotumiwa na wahalifu.

Za lazima kwako: Firefox, 7-Zip ya kufungulia zip, LibreOffice badala ya Office, SumatraPDF ya kusomea PDF haraka, NAPS2 ya kuskani, VLC ya video na muziki, na IrfanView kwa picha. Dereva ya Epson (programu inayoiwezesha mashine kuitumia printa) nayo ishushe kifurushi kizima cha printa na skana, usichukue ile inayotafuta mtandaoni wakati wa kusakinisha.

LibreOffice inahitaji maelezo kidogo, maana wengi huiweka kisha wakalalamika. Ina takriban MB 350. Wakati wa kusakinisha usibonyeze tu Next hadi mwisho: chagua Custom, fungua Optional Components, kisha Dictionaries, weka Swahili. Bila hivyo kila neno la Kiswahili litapigiwa mstari mwekundu. Ikishaingia nenda Tools, Options, Load/Save, General. Hapo rekebisha mambo mawili: aina ya faili iwe ya Word (docx) ili mteja akienda nayo kwingine ifunguke, na AutoRecovery (kuhifadhi kazi yenyewe kila baada ya muda) ishushe kutoka dakika 10 hadi 3. Umeme ukikatika na betri ya mashine ya mtumba ikiwa imechoka, tofauti ya dakika 7 ni ukurasa mzima wa barua ya mtu.

Faili za Word zilizotaipiwa kwa Calibri hazitavurugika mistari, kwa sababu LibreOffice inakuja na fonti ya Carlito ambayo herufi zake zina upana uleule. Zinazovurugika ni CV zenye visanduku na majedwali yaliyobebana. Hizo mwambie mteja alete PDF, usipigane nazo.

NAPS2 inaweza kugeuza karatasi iliyoskaniwa kuwa maandishi ya kutafutika (ndiyo OCR), lakini lugha zinashushwa ukiwa ndani ya programu yenyewe. Fungua OCR ukiwa bado hapa mjini na mashine yako, chukua Kiingereza na Kiswahili. Vyeti skani kwa dpi 300. Ukienda 600 faili inakuwa kubwa na mifumo ya maombi ya kazi inaikataa.

Mlinzi_wa_Ziwa

Kabla ya programu, hiyo mashine umeikagua? Kuna vipimo vitatu, na vyote vifanye mbele ya muuzaji pesa ikiwa bado mfukoni.

Cha kwanza, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /xpr. Ikijibu kwamba imeamilishwa daima, angalau hakuna saa inayohesabu. Ikitaja tarehe ya kuisha, Windows hiyo ama ilikuwa ya ofisi ya mtu ama imeamshwa kwa njia za panya, na siku itaanza kudai leseni uko kisiwani.

Cha pili, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili itakayotajwa. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ikiwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Ikiwa namba ya pili haifiki nusu ya ile ya kwanza, betri hesabu haipo.

Cha tatu ni CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ile ya zip isiyohitaji kusakinishwa. Tazama mistari 05, C5 na C6, inayohesabu sehemu mbovu za diski. Namba zake zinakuja kwa mfumo wa heksa, kwa hiyo nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 [DEC]. Zote tatu zinatakiwa ziwe sifuri.

Na kuhusu kasi: GB 4 na diski ya kuzunguka kwenye Windows 10, utakaa ukitazama diski imegota asilimia 100 huku mteja kasimama dirishani. Pesa ya kwanza kabisa iende kwenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 inakutosha. RAM ifuate. Lakini kizazi cha 6 kuna mashine zenye DDR3L na nyingine DDR4, na hazipokezani. Fungua kifuniko usome kibandiko cha RAM iliyomo ndipo ukanunue.

nyegezi_wa_leseni

Orodha ya Fundi ni nzuri ila IrfanView itoe. Ni bure kwa matumizi ya nyumbani tu, na steshenari ni biashara, unatakiwa kuilipia. WinRAR vilevile ni ya majaribio ya siku 40, na programu nyingi za kuingia kwenye kompyuta ya mtu ukiwa mbali ni bure kwa matumizi binafsi pekee. LibreOffice, 7-Zip, VLC, SumatraPDF, NAPS2 na GIMP hazina sharti hilo, tumia dukani bila wasiwasi.

Kwa picha za pasipoti basi chukua GIMP, programu ya kuhariri picha. Picha ya 3.5 × 4.5 cm kwa dpi 300 ni pikseli 413 × 531. Kata kwa uwiano huo ndipo upunguze ukubwa, usianze kwa kupunguza, sura itavutika. Kwenye karatasi ya picha ya 10 × 15 cm ukizisimamisha zinaingia 6. Ukizilaza ubavu zinaingia 8: mbili kwa upana ni sentimita 9, nne kwa urefu ni 14, inabaki nusu sentimita kila upande, na hiyo inatosha kingo ya milimita 3 ambayo printa inaiacha. Zipange kwenye LibreOffice Draw, ukurasa ukiwa wa 10 × 15. Wakati wa kuprinti zima kabisa kile cha kulinganisha na ukurasa (Fit to page), la sivyo zinasinyaa kidogo, na ofisini wanapima kwa rula.

SumatraPDF haijazi fomu. Mteja akileta fomu ya PDF ya kujaza, ifungulie kwenye Firefox.

Kirumba_Linux

Mbona hakuna aliyetaja kwamba Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025? Na Windows 11 haiikubali rasmi mashine hiyo, kwa Intel inaanzia kizazi cha 8. Weka Linux Mint ya Xfce, mfumo endeshi wa kuchukua nafasi ya Windows. ISO, yaani faili lake la kusakinishia, ni takriban GB 3, iandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, washia hapohapo kwenye flashi ujaribu Wi-Fi, printa na skana kabla hujagusa diski. RAM GB 4 inatosha. Na hivi virusi vya flashi za wateja vimeandikwa kwa Windows, kwenye Mint ni faili tu za kufutwa.

Fundi_Makoroboi

Sipingi, ila akiajiri kijana wa kumsaidia, kijana huyo atakuwa ameizoea Windows, na mafundi wa Linux kule hawajazagaa. Ajaribu kwanza kama ulivyosema. Akibaki na Windows 10, abonyeze Windows na R, aandike winver ahakikishe ni toleo la 22H2, kisha ajiandikishe kwenye masasisho ya usalama ya ziada kupitia ukurasa wa Windows Update.

Mlinzi_wa_Ziwa

Kirumba kagusa virusi, niongeze hapo, maana ndiko steshenari zinakofia.

Virusi vile vinavyogeuza mafolda kuwa vishale (njia za mkato): faili za mteja hazijafutwa, zimefichwa. Kinachoonekana ni njia ya mkato ya KB 1 au 2 yenye sura ya folda. Mteja akibofya folda lake inafunguka kweli, lakini na hati ya .vbs (kiprogramu cha kirusi) imeshawashwa, na flashi itakayofuata kuchomekwa inapata uleule. Kinga yake ni hii:

Kwenye File Explorer, kichupo cha View, washa File name extensions na Hidden items. Kisha AutoPlay izime kwenye Settings, Devices. Kisha zima Windows Script Host yenyewe, ile inayowasha hati hizo, duka halina kazi nayo: fungua regedit (kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings, tengeneza DWORD iitwayo Enabled, thamani 0. Baada ya hapo hati za aina hiyo hazitawaka hata zikibofywa.

Flashi ikija na kirusi hicho, skani kwanza kwa Defender, bofya kulia juu ya flashi. Kisha kwenye Command Prompt, kama flashi ni E: andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yanarudi. Futa vishale na zile .vbs. Usianze na attrib kabla ya kuskani. Kirusi kikiwa bado hai kinaficha upya mbele ya macho yako.

Defender isiyosasishwa ni pambo. Mtandao ukiwa mbovu, mtu yeyote aliyeko mjini anaweza kushusha mpam-fe.exe, faili la masasisho ya Defender, kwenye tovuti ya Microsoft na kukutumia kwa flashi na meli. Unaibofya mara moja, haionyeshi dirisha lolote, inamaliza kimyakimya. Hakikisha ni ya 64-bit.

Mvukaji_Nansio

Asanteni sana wakuu. Nimefanya vile vipimo leo. slmgr inasema imeamilishwa daima. Betri 44,000 kwa 31,500. CrystalDiskInfo imeonyesha 05 sifuri, C6 sifuri, ila C5 ni 8 na rangi ni njano. Muuzaji anasema 8 ni kidogo sana. Pia bando: nasikia Windows inaweza kulimaliza usiku mmoja?

Mlinzi_wa_Ziwa

Betri ni nzuri, takriban asilimia 72. Kuhusu C5, muuzaji hajasema uongo lakini hajamaliza maneno. Diski hizi kwa ndani huandika vipande vya baiti 4,096 ila huvihesabu kwa baiti 512, kwa hiyo 8 mara nyingi ni kipande kimoja kilichoshindwa kusomeka. Kinaweza kupona kikiandikwa upya, na kinaweza kuwa cha kwanza kati ya vingi. Mwambie akate bei ya SSD, chukua mashine, na ile diski usiweke kazi ya mteja hata moja. Usihamishe Windows kwa kunakili diski nzima, unakili unaweza kukwama palepale pabovu. Piga Windows upya kwenye SSD. Leseni ikiwa imefungwa kwenye ubao wa mashine hiyo, itajirudi yenyewe ukiunganisha mtandao, chagua tu toleo lilelile, Home au Pro.

Fundi_Makoroboi

Bando: Settings, Network & Internet, Wi-Fi, bofya jina la mtandao wa simu yako, washa Set as metered connection. Mpangilio huu unakaa kwa jina la mtandao, kwa hiyo ukibadilisha simu au jina la hotspot unauweka tena. Halafu Update & Security, Delivery Optimization, zima, usije ukawa unagawia watu wengine masasisho kwa bando lako. Ukishafanya hivyo mengi hayatashuka yenyewe, chagua siku ya kuyashusha kwa mkono.

Flashi ya kubebea mzigo iformati exFAT. FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, na ISO ya Windows 10 inazidi. Kama ni flashi mpya ya bei ya kutupa, ipitishe H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi, kwanza, kuna zinazoandikwa GB 64 na ndani ni 8, zinapokea kila kitu kisha faili hazifunguki. Ukimaliza kunakili, pima visakinishi vikubwa kwa certutil -hashfile, njia ya faili, kisha SHA256, ulinganishe na namba iliyoko kwenye tovuti ya wenye programu. Na zile mbili za kupigia Windows na Mint ziwe flashi za pembeni, maana Rufus inafuta kila kilichomo.