Mashindano ya sataranji ya wikiendi Tanga: tuweke kikomo cha reitingi au mlango uwe wazi?

Kete za Raskazone (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Kikundi chetu kinatafuta ukumbi hapa Tanga mjini kwa mashindano ya Jumamosi na Jumapili: raundi tano, mfumo wa Uswisi (kila raundi hukutana wanaolingana pointi, hatolewi mtu), gemu ndefu za kuhesabiwa na FIDE, shirikisho la sataranji duniani. Kila kitu kinakwenda isipokuwa kikomo cha reitingi, yaani ile namba ya uwezo anayopewa mchezaji. Mapendekezo yaliyo mezani ni matatu.

La kwanza, mlango wazi. Mwenye 2000 na aliyejifunza juzi wanakaa ukumbi mmoja, halafu tunatenga zawadi kwa madaraja ya chini.

La pili, makundi mawili. 1600 kwenda juu kivyao, chini ya 1600 pamoja na wasio na reitingi kivyao.

La tatu, kundi moja, lakini mwisho 1799. Wa 1800 na zaidi tunawaomba watupishe safari hii.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: hilo la pili ndilo linalopendwa na wengi, na kwa mji kama wetu ndilo baya kuliko yote. Wengi wetu hatuna reitingi kabisa. Asiye nayo anatakiwa acheze gemu tano na wapinzani wenye reitingi ndipo apate ya kwake. Si lazima ziwe za shindano moja, zinaweza kujumlishwa ndani ya miezi 26. Sasa wenye reitingi ukiwahamishia chumba cha pili, hawa wa chini watazipata wapi hizo gemu tano? Watalipa kiingilio, watakaa siku mbili kwenye mbao, mwamuzi atatuma matokeo, na hakuna atakayesogea hata hatua moja.

Naomba maoni, hasa ya mliowahi kuandaa.

Mwamuzi wa Chumbageni

Mkuu umegusa penyewe. Ngoja niweke hesabu ili tusibishane hewani.

Tuseme wamejitokeza watu 24, wenye reitingi wanane. Ukumbi ukiwa mmoja, asiye na reitingi atakutana na wenye reitingi mara moja au mbili katika raundi tano. Ni makadirio tu, kwa sababu Uswisi hukutanisha wanaolingana pointi, lakini yanatosha kupangia. Kwa mwendo huo, mashindano matatu hivi yanamfikisha kwenye gemu tano. Miezi 26 ni mingi, anafika bila presha.

Wenye reitingi wakifika 12, mambo yanakuwa matamu zaidi. Raundi ya kwanza orodha, wenye reitingi wakiwa juu, hukatwa katikati: namba 1 anakaa na namba 13, namba 2 na 14, mpaka 12 na 24. Kwa hiyo kila mgeni anaanza na mtu mwenye reitingi, na gemu moja ya kuhesabiwa anayo kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kikomo kiwe ngapi, ulizeni wenye reitingi waliothibitisha ni wangapi. Watu 40 wenye reitingi watatu ni mashindano dhaifu kuliko watu 20 wenye reitingi kumi, hata kama picha ya ukumbi itapendeza zaidi.

Jambo la pili. Nimeona mtu kwenye kundi letu la simu anapendekeza daraja la "chini ya 1200". Hilo limenakiliwa kutoka Marekani, ambako wana reitingi zao za ndani na makundi yao yanashuka sana. Kwa FIDE, tangu tarehe 1 Machi 2024, reitingi ya chini kabisa ni 1400. Ukiandika "chini ya 1200" kwenye tangazo umeandika kundi lisilo na mtu.

Mama wa Makorora

Naomba na sisi wazazi tusikilizwe. Binti yangu yuko kidato cha pili. Shindano lake la kwanza lilikuwa la mlango wazi. Raundi ya kwanza wakampanga na mtu mzima aliyekuwa akisogeza kete bila hata kufikiri, mfalme wake akafungwa mapema mno. Ya pili akapoteza, ya tatu akapoteza. Tulipofika nyumbani aliikunja ile karatasi ya kuandikia hatua mara nne, akaitia mfukoni mwa sare ya shule, hakusema neno. Sasa nyie mnazungumzia gemu za kuhesabiwa. Mimi nazungumzia kama atataka kurudi tena. Makundi mawili yangemsaidia.

Mwamuzi wa Chumbageni

Mama, pole, na hoja yako ni nzito. Nikueleze mawili tu.

Kwanza, mgeni akimaliza shindano lake la kwanza kwa sifuri, FIDE hailihesabu katika kumtafutia reitingi. Hakuna doa lililobaki kwa mtoto. Na akianza kuhesabiwa, tangu mwaka 2024 kanuni inamwongezea wapinzani wawili wa kufikirika wenye 1800, akichukuliwa ametoka nao sare. Hiyo inamsaidia sana anayeanza.

Pili, Uswisi hauna huruma raundi ya kwanza, lakini kuanzia ya pili anayepoteza anaanza kukutana na wanaopoteza. Tatizo ni pale raundi zinapokuwa tatu tu: mtoto anafungwa halafu anaambiwa kwaheri kabla ya kufika kwa wa saizi yake. Tano ni bora kwake, na mtoto asiondolewe katikati hata kama amekata tamaa. Pia kuwe na zawadi ya walio chini ya miaka 16, itangazwe mbele ya ukumbi wote.

Mwenye 1900, Dar

Naandika kama mtu mnayetaka awapishe, na sijakasirika. Naomba tu mjue kwa nini sisi tunasitasita kuja Tanga, ili msidhani ni dharau.

Gemu yangu na asiye na reitingi hainihusu kabisa kwenye hesabu: nishinde, nifungwe, haiandikwi. Nikija na nikapangwa na wageni watatu kati ya watano, nimesafiri kilomita 350 kwa gemu mbili. Na hizo mbili nikipata wapinzani wa 1500, tofauti ya 400, ninatarajiwa kuvuna 0.92 kwa kila gemu (ushindi ni 1, sare ni nusu). Nikishinda reitingi yangu inapanda pointi 1.6. Nikitoa sare nashuka 8.4. Nikifungwa nashuka 18.4. Sasa piga hesabu ya nauli, malazi na siku mbili za mapumziko.

Hata hivyo mlango wazi una uzuri wake. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kupigwa na walionizidi. Mkiweka 1799, tafadhali msiifanye kuwa desturi ya kudumu. Shindano moja lenye kikomo, linalofuata wazi.

Mwalimu, Muheza

Wakuu, mnajadili reitingi, lakini kwa wanafunzi wangu kinachoamua nani anakuja ni saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Na hapa ndipo pendekezo la tatu linaponivutia kwa sababu ambayo hamjaitaja.

Kanuni ya muda: gemu ndefu ikiwa na mchezaji wa 1800 au zaidi, kila mtu lazima awe na angalau dakika 90 kwa hatua 60. Wote wakiwa chini ya 1800, dakika 60 zinatosha, kwa mfano dakika 45 na nyongeza ya sekunde 15 kila hatua. Gemu ya saa tatu inakuwa ya saa mbili. Tazameni Jumamosi inavyokaa:

Raundi ya kwanza saa 3 asubuhi, imekwisha saa 5. Watu wanakula, wanaswali Adhuhuri. Ya pili saa 7:15, imekwisha saa 9:15. Alasiri inaswaliwa bila mtu kuangalia saa yake ikimalizika mezani. Ya tatu saa 10:15, imekwisha saa 12:15 jioni, watoto wa Muheza wanapanda gari wakiwa na mwanga. Kwa gemu za saa tatu, raundi hiyo ya tatu inaingia usiku na inapitia Magharibi katikati. Mwaka juzi wazazi walinipigia simu kwa zamu mpaka nikaizima, na safari iliyofuata nusu ya watoto hawakuruhusiwa. Hapo reitingi haikuwa na kosa lolote.

Jumapili waachieni wanaokwenda kanisani: raundi ya nne saa 4:30, ya tano saa 7:15. Saa 9:15 zawadi, na wa Dar anawahi stendi ya Kange.

Drafti Ngamiani

Na sisi je? Mimi nina miaka kwenye drafti barazani, sataranji nimeingia kwa simu, nacheza kila usiku. Reitingi ya FIDE sina. Nikija kwenye kundi la chini nitachukua zawadi za watoto, na nikiambiwa nikae juu sina karatasi ya kuonyesha. Nitakubalika wapi?

Kete za Raskazone

Kaka, karibu sana. Swali lako ndilo lililonifanya niliogope pendekezo la pili. Kikomo kinafanya kazi pale ambapo namba ya mtu inaeleza uwezo wake. Hapa kwetu, "hana reitingi" anaweza kuwa mtoto wa kidato cha kwanza, na anaweza kuwa mtu aliyecheza miaka ishirini bila kuandikishwa. Tukiwaweka kundi moja la chini, wewe utawamaliza, na yule binti wa Mama wa Makorora atakuwa amefungwa vilevile, safari hii bila hata gemu ya kuhesabiwa.

Kwa hiyo utacheza ukumbi huo huo na wote. Zawadi za madaraja zitakuwa za wenye reitingi ya daraja hilo, asiye nayo atashindania zawadi kuu na zawadi ya wasio na reitingi.

Jirani wa Mvita

Hamjambo huko. Mnatutafuta wenye reitingi mbali ilhali tuko karibu yenu. Kutoka Mombasa hadi Tanga kupitia Horohoro ni kama nusu ya safari ya Dar. Wenye 1450 hadi 1750 tuko wengi, na tukija sisi, wageni wenu wanapata gemu zao tano haraka. Tunachohitaji ni tangazo la mapema, si la wiki moja, kwa sababu ya karatasi za mpakani, na uhakika kwamba shindano limeshasajiliwa FIDE kupitia chama chenu kabla halijaanza. Mtu hatavuka mpaka akaambiwa matokeo hayakutumwa.

Mama wa Makorora

Nimewasoma. Bado nasema mtoto anayeanza anahitaji mahali pake. Kama hamtaki makundi mawili, basi Jumamosi ile fanyeni kona ya watoto ya gemu fupi, isiyo na reitingi, kwa ambao hawajawa tayari. Binti yangu nitamuuliza mwenyewe anataka wapi.

Mwenye 1900, Dar

Naunga mkono kona ya watoto. Nikiwapisha kwenye ukumbi mkubwa, nitakuja kuisimamia hiyo na kupitia nao gemu zao. Nipeni mbao nne na saa nne za mezani.

Kete za Raskazone

Basi tunakwenda hivi, na atakayepinga apinge leo. Ukumbi mmoja, mwisho 1799 kwa shindano hili, dakika 45 na sekunde 15, ratiba ya Mwalimu kama ilivyo. Shindano litakalofuata mlango wazi. Kona ya watoto Jumamosi chini ya mwenzetu wa Dar, tunamshukuru kwa moyo wote.

Usajili nitauandika kwa safu mbili, wenye reitingi na wasio nayo, ili kila mtu aone. Wenye reitingi wasipofika wanane siku kumi kabla, tunaahirisha na kurudisha viingilio. Mama, jibu la binti nalisubiri, nafasi yake naiweka pande zote mbili. Jirani wa Mvita, nitumie ujumbe wa ndani na idadi yenu. Saa tulizonazo hazitoshi, mwenye ya kwake aje nayo na betri mpya.